Kuhusu Tabia ya Kitanda Changu

Kwa Mkuu wa Dawati la Mizigo Iliyopotea,
Shirika la Reli, Upande wa Huku,
Ghorofa ya juu, mlango unaotazamana na ngazi.

Nakala: Dawati kama hilo, Shirika la Reli, Upande wa Kule.

Mheshimiwa Mkuu wa Dawati,

Nakusalimu kwa heshima, na nakupa pole kwa kazi nzito ya kutunza vitu ambavyo havipo. Mimi ni yule seremala ambaye kitanda chake kilipanda treni ya mizigo kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mpaka, na mpaka leo hakijashuka.

Najua una majalada mengi, kwa hiyo nikukumbushe kwa ufupi. Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Aliolewa ng'ambo, akafiwa na mume hukohuko, na sasa anaishi na binti yake, mpwa wangu. Tangu mwaka jana moyo wake umechoka. Daktari amemkataza kulala bapa kwa sababu akilala hivyo kifua hujaa maji na pumzi hukatika. Anatakiwa alale ameinuliwa kuanzia kiunoni. Nikamtengenezea kitanda cha mvule, cha mtu mmoja, ambacho nusu yake ya juu huinuka kwa bawaba na kushikiliwa na mti wenye meno. Mgonjwa akitaka juu kidogo, anasogezwa jino moja. Akitaka chini, vilevile. Mpwa wangu angeweza kufanya kazi hiyo kwa mkono mmoja huku ameshika bakuli la uji kwa mwingine. Nilikijaribu mwenyewe kwa kulala juu yake na kumwomba mama watoto anishushe na kunipandisha, mpaka akasema basi, inatosha, yeye si winchi.

Wakati tunakisubiri kitanda hicho, dada analala kwenye kiti cha sebuleni, miguu ikining'inia na kuvimba. Binti yake aliwahi kumwita seremala wa kulekule. Kitanda kikaletwa, dada akakitikisa, akasema kinalia kama mlango wa choo, akakirudisha. "Nitalala kwenye kitanda cha mdogo wangu, au nitakaa." Basi amekaa.

Barua yangu ya kwanza mliirudisha mkisema haina mpangilio. Hii nimeipanga kwa namba, kwa msaada wa daftari langu ambamo huandika mambo ya kila siku na tarehe zake.

1. Kuhusu neno "umepotea".

Barua ya Mwanasheria wenu ilianza hivi: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mzigo wako umepotea." Nilikuja nayo hadi dirishani, kwa yule mtumishi wenu ambaye sisi wa foleni tunamwita Dada Subiri. Ni jina la upendo. Nikamwuliza ni nani aliyeupoteza. Akanitazama kama niliyemtukania mzazi.

"Baba, umeisoma vizuri? Wapi wameandika umepotezwa? Umepotea."

Mzee mmoja nyuma yangu akadakia kwamba na wa kwake umepotea, na wa yule mama mwenye mwavuli pia, na kwamba mizigo ya siku hizi haina adabu kabisa. Watu wakaangua kicheko. Dada Subiri akashusha kipazia cha dirisha akaenda kunywa chai.

Jioni nilimsomea mama watoto barua hiyo. Akaniomba nimrudie mstari wa kwanza. Ukweli ni kwamba hata kwetu vikombe huvunjika, maziwa humwagika na wali huungua, na siku zote hakuna aliyekuwepo. Mwanangu wa mwisho anaweza kusimama mbele yako ameshika mkono wa kikombe, kikombe chenyewe kiko chini vipande vipande, akakueleza kwa utulivu kwamba kimevunjika. Tofauti yake na nyinyi ni kwamba yeye hana mwanasheria. "Kumbe huyu mtoto ana kipaji," mama watoto akasema. "Mpeleke reli wamwajiri."

Mimi si mbishi, Mheshimiwa. Nimelikubali neno lenu jinsi lilivyo. Kitanda kimepotea, yaani kimeondoka chenyewe bila mkono wa mtu. Lakini kukubali huko kunanitia katika matatizo mengine, ambayo naomba unisaidie.

2. Kuhusu miguu.

Kitu kikiondoka chenyewe, kwa kawaida huondoka kwa miguu. Nakiri mbele yako kwamba kitanda changu kilikuwa nayo, minne, na niliichonga mimi, na ni miguu ya kuaminika. Lakini kabla ya safari niliifungua yote, nikaitia kwenye gunia, na gunia likaandikishwa kama mzigo wa pili.

Gunia lilifika.

Lilifika salama, kamba haijaguswa, likapokelewa kwa sahihi na muhuri. Hivi ninavyoandika, miguu minne imesimama kwenye kona ya chumba cha dada kama wageni waliofika kabla ya mwenye nyumba. Anaitazama akiwa kwenye kiti chake. Siku gunia lilipofunguliwa aliniambia kwa simu, "Mdogo wangu, hiki kitanda kinakuja kwa awamu kama mshahara wa mwalimu." Siku hizo alikuwa bado anaweza kumaliza sentensi.

Naomba Dawati linieleze: kitanda kisicho na miguu kimeondokaje? Kama kilijiburuza, pana alama zake mahali. Kama kilibebwa, yuko aliyekibeba, na huyo hawezi kusema kimepotea, kwa sababu yeye anajua kilipo. Niliuliza hivyo katika barua yangu ya pili. Mwanasheria akanijibu kwamba miguu ni mzigo tofauti wenye jalada tofauti, na jalada hilo limefungwa kwa mafanikio. Akanipongeza.

3. Kuhusu maneno "mpaka mpaka".

Nyuma ya stakabadhi yangu pamechapishwa: "Shirika litawajibika kwa mzigo mpaka mpaka." Baada ya hapo ipo nukta, na baada ya nukta hakuna kitu.

Dawati lako husoma kwamba wajibu wenu unakwenda hadi kwenye mpaka na kukomea hapo. Nimeelewa. Lakini mpwa wangu alipoipeleka nakala ya stakabadhi kwa wenzenu wa Kule, alimkuta afisa mmoja mwenye sauti kubwa aliyeisoma kwa namna nyingine. Kwake yeye neno likirudiwa linatiwa mkazo.

"Si tunasema sasa sasa? Si tunasema kweli kweli? Basi mpaka mpaka ni mpaka mwisho wa mwisho, mpaka mlangoni kwa mama yako, mpaka chumbani! Waambie wa Huku wamlete mama kitanda chake, waache uhuni."

Mpwa wangu alifurahi, akamshukuru, kisha akamwuliza kama stakabadhi zao na wao zimeandikwa hivyohivyo. Akasema ndiyo, zimeandikwa hivyohivyo, ila wao huandika bila mkazo.

Sasa niko na shirika moja linaloishia mpakani, na jingine linalodhani la kwanza halikupaswa kuishia popote. Katikati yake yuko mwanamke kwenye kiti. Sina ugomvi na sarufi ya upande wowote. Naomba tu mashirika yote mawili mkae kwenye meza moja, mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine msikilize.

4. Kuhusu kile kipande.

Mwanasheria alinifafanulia zaidi kwamba wajibu wa Reli ya Huku hukoma injini yake inapokatwa kwenye mabehewa, na wajibu wa Reli ya Kule huanza injini yake inapofungwa. Nikaona bora niende mpakani nikajionee.

Mheshimiwa, nadhani kazi zako hazikupi nafasi ya kufika huko, kwa hiyo nikueleze. Lango lenu ni la chuma, limepakwa rangi nusu. Mbele yake kuna kipande cha reli chenye nyasi katikati ya mataruma, halafu lango la Kule, nalo limepakwa rangi nusu ile nyingine. Injini yenu huyaleta mabehewa hadi kwenye kipande hicho, hukatwa, hurudi. Mabehewa hubaki yamesimama peke yake, mbele hakuna kitu, nyuma hakuna kitu, na mbuzi hulala kivulini mwake. Injini ya Kule huja inapopata nafasi.

Mlinzi wenu wa langoni alinipokea vizuri. Nilipomwuliza hapo katikati ni kwa nani, alivua kofia akajikuna. "Hapo, mzee wangu? Hapo hata kofia yangu ikipeperushwa ikaangukia hapo, siifuati. Nikiifuata nitakuwa nimeenda wapi?"

Kwa hiyo naleta ombi dogo. Ikiwa kipande hicho si cha kwenu wala si cha kwao, na lolote linalotokea pale halina wa kuulizwa, naomba barua ya kuniruhusu nihamishie karakana yangu hapo. Nitafanya kazi kwa amani kubwa. Mteja akija kulalamika kabati lake limechelewa, nitamwambia limepotea. Akiuliza nani kalipoteza, nitamwonyesha sarufi. Nilipoueleza mpango huu nyumbani, mama watoto alikuwa na swali moja tu: nikipotea mimi huko, yeye atamshtaki nani? Nimeliacha swali lake kwako.

5. Kuhusu tabia ya mzigo wenyewe.

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa hiyo naomba radhi likiwa refu.

Kipo kifungu kwenye masharti yenu kinachosema: "Shirika halitawajibika kwa hasara itokanayo na tabia ya mzigo wenyewe." Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona cha haki. Maziwa huganda, nyanya huoza, barafu huyeyuka. Hiyo ndiyo tabia yake, na huwezi kumkamata dereva wa treni kwa sababu ya tabia ya nyanya. Lakini Mwanasheria wenu aliandika, na hapa nanukuu neno kwa neno: "Kwa kuwa tabia ya kitanda chako haijathibitishwa, Shirika haliwezi kuondoa uwezekano kwamba hasara imetokana nayo."

Nimefanya kazi ya useremala tangu nilipomaliza shule. Nimesikia fundi akiitwa mwongo, mvivu, mchelewaji. Sijawahi kusikia kitanda kikishukiwa tabia. Hata hivyo, kwa kuwa mmeomba uthibitisho, nimekwenda kuutafuta.

Mwenyekiti wa mtaa wetu hutoa vyeti vya tabia njema kwa vijana wanaotafuta kazi. Nilimkuta ofisini kwake, mezani pana muhuri, wino na redio isiyo na kifuniko. Nikamweleza shida. Akacheka kwanza, akasoma barua yenu, akaacha kucheka. Akavuta fomu.

Jina? Nikamwambia aandike Kitanda. Umri? Kilikuwa kimemaliza msimu mmoja wa mvua. Makazi? Karakana, pamoja na makabati mawili na stuli. Amewahi kushtakiwa? Hapana. Hali ya ndoa? Hapo tulikwama kidogo, tukashauriana, mwishowe tukaandika "cha mtu mmoja". Ana ugomvi na majirani? Ili tusiandike uongo, tulimwita muuza nyama wa jirani yangu, ambaye hukaa juu ya kazi zangu bila ruhusa kila anapokosa wateja. Ni mtu mzito. Alitoa ushahidi kwamba amekikalia kitanda hicho mara nyingi, mara nyingine kwa hasira baada ya kugombana na mkewe, na hata siku moja hakikumjibu.

Mwenyekiti aliunyanyua muhuri, akausimamisha hewani. "Fundi, nikigonga hapa, halafu huyu akafanya mambo yake huko mbele, si nitaitwa mimi?" Nikamwapia kwamba ninakijua tangu kikiwa mbao. Akagonga. Cheti nimekiambatisha.

Nami naongeza ushahidi wangu kama mzazi. Mvua zote zile kitanda kilikaa karakanani, mlango uko wazi, barabara iko hatua chache, magari na watu wanapita, na hakikusogea. Kuna siku moja kilitoka nje. Sitaificha. Ni mimi niliyekitoa vanishi ikauke, na jioni kikarudi ndani bila kushurutishwa. Hakipigi kelele. Hakiegemei upande. Bawaba zake ni nyepesi, lakini ni bawaba zake tu zilizo nyepesi. Kitanda cha namna hiyo hakiwezi kuamka siku moja kikaacha safari ya kwenda kwa mgonjwa, kwa tabia.

Mkisema niwaonyeshe na tabia ya upande mwingine, yaani ya wale waliokuwa nacho, mtaniambia nimevuka mipaka. Kwa hiyo sisemi.

6. Kuhusu kuthibitisha kwamba hakipo.

Madawati yote mawili yaliniomba nilete ushahidi kwamba kitanda hakijafika. Nilifikiri sana namna ya kukibeba kitu ambacho hakipo hadi ghorofa ya juu. Mwishowe niliwaalika wenzenu wa Kule waende chumbani kwa dada wakaangalie pale ambapo hakipo. Nafasi ipo, imefagiliwa, mpwa wangu ameipima kwa futi niliyomtumia. Hawakwenda. Walisema wao hushughulika na karatasi.

Basi wakampa dada karatasi. Alitakiwa kuandika hali halisi na kusaini. Akaandika kwa mkono wake, mwandiko uleule ulionifundisha mimi kuandika: "Sijapokea kitanda." Akasaini. Mpwa wangu akaipeleka. Yule afisa mwenye sauti kubwa akatazama chini ya karatasi, akaona sahihi, akagonga muhuri "Mpokeaji Amesaini", na jalada likafungwa.

Mpwa wangu si mpole kama mimi. Alimwambia afisa huyo kwamba mama yake hajapokea kitu.

"Sasa dada, kama hajapokea, kasaini nini?"

"Kasaini kwamba hajapokea!"

"Basi kapokea hiyo fomu. Mwenye zamu!"

Nakuomba, Mheshimiwa, uwaandikie wenzako. Mimi nikiwaandikia nitatakiwa kusaini, na sitaki kuonekana nimepokea kitanda kingine.

7. Kuhusu ombi langu.

Sidai fedha. Mwanasheria amekwisha kuniambia fidia huhesabiwa kwa uzito, na dada hawezi kulala juu ya kilo. Sitaki pia mnitengenezee kingine. Nimesoma barua yenu ya mwisho kwa makini, na ndani yake nimeona njia ambayo nadhani itatufaa sote.

Barua hiyo inasema: "Mzigo uliopotea hubaki chini ya ulinzi wa sheria mpaka utakapopatikana." Kumbe kitanda kiko salama. Kina ulinzi wa sheria za nchi mbili, hakisumbuliwi, na mnaahidi hata kukiundia kamati ya kukitafuta. Dada yangu hana lolote katika hayo. Wiki iliyopita nilimpigia simu. Huongea maneno mawili, husimama, huvuta hewa, huongea mawili mengine. Nikamwuliza amelalaje.

"Nimekaa..." Nikasikia anatafuta pumzi. "Nimekaa vizuri."

Daktari amemwambia mpwa wangu kwamba uvimbe sasa umefika magotini, na kwamba kiti kile hakitamfikisha mbali.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba dada yangu naye apotee, kwa utaratibu uleule.

Nimelifikiria jambo hili hatua kwa hatua. Apokelewe stesheni ya Kule akiwa kwenye kiti chake, kwa kuwa hawezi kutolewa humo, na gunia la miguu liwekwe pembeni. Aandikwe "Mzigo dhaifu, usilazwe." Apakiwe kwenye behewa linalokuja upande wetu. Likifika kwenye kile kipande, injini ya Kule ikatwe, na ya kwenu isifungwe upesi. Katika hili sina wasiwasi na uwezo wenu. Hapo atakuwa mahali palepale kitanda kilipopotelea, naye amepotea kwa sheria ileile, chini ya ulinzi uleule. Kupotea kwao kutawakutanisha. Nitafunga miguu mimi mwenyewe, nitainua kichwa cha kitanda hadi jino la nne, nitamlaza. Mbuzi hawatusumbui. Akishalala, hakuna shirika litakalodaiwa kitu. Na ikiwa sheria inataka awepo mpokeaji, nitasaini kwamba sijampokea, ili ijulikane kwamba amefika.

Nilimsomea dada ombi hili kwa simu kabla ya kuliandika hapa, kwa kuwa linamhusu. Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu, nikasikia mpwa wangu anamnyang'anya simu na kunikemea: "Mjomba, usimchekeshe! Nimekukataza!" Nikaomba radhi. Kisha dada akairudisha simu kwake, akanipa ujumbe huu ambao ananitaka nikufikishie jinsi ulivyo:

"Mwambie huyo Mkuu... mimi tabia yangu... nzuri. Nikipotea... ni wao."

Namaliza hapa. Nimejitahidi kutovunja adabu, na pale nilipoivunja, naomba ichukuliwe kwamba imevunjika. Nasubiri jibu lako kwa anwani ileile. Mimi, karakana na familia yangu bado tupo, na tuko tayari kuthibitisha.

Nisalimie Mwanasheria, mwambie cheti nimekileta kama alivyotaka. Nisalimie Dada Subiri, na kipazia chake. Nisalimie mlinzi wa langoni, kofia yake isipeperushwe. Nisalimie dereva wa injini yenu na, ukipata nafasi, dereva wa injini ya Kule, ambao naamini wote ni watu wazuri na hawajawahi kukutana. Mama watoto anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Mwenyekiti wa mtaa anauliza kama muhuri umeonekana vizuri. Muuza nyama yuko tayari kuitwa kama shahidi, mradi isiwe siku ya mnada.

Ni mimi, ninayekuheshimu na kukusubiri,
Seremala, mtumaji wa mizigo miwili, wa miguu na wa kitanda.

Nyongeza:

Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Nakuomba sana usome hapa kwanza, kisha, ukiweza, yale ya juu usiyasome.

Mpwa wangu amepiga simu sasa hivi. Mchana huu wamefika kwao wanaume wawili na kigari kidogo. Walikuwa wamevaa ovaroli, sitasema za reli gani. Walishusha kitu kirefu kilichoviringishwa mablanketi ya kwangu, sitasema kitu gani. Mmoja wao alieleza kwamba kitu hicho kilikuwa uani kwao tangu zamani, chini ya turubai, na kila wakipita wanajikwaa, mpaka juzi waliposikia ofisini watu wanachekea barua ya seremala mwenye dada anayelala kwenye kiti. Wao hawakucheka.

Mpwa wangu alikimbilia kalamu asaini. Wakaruka kama wameona nyoka.

"Weka kalamu, dada, weka kalamu! Ukisaini kimepatikana. Kikipatikana kinarudi kilikotoka, mwenyewe akitambue, kifunguliwe jalada jipya, kianze safari upya. Mama anao muda huo? Hatujaleta kitu sisi. Hiki kimepotea, na kikae hivyohivyo kimepotea."

Wakafunga miguu. Wakamnyanyua dada kwenye kiti, mmoja huku, mmoja huku, wakamweka taratibu. Wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao.

Kwa sababu hiyo naondoa malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la saba. Nimelitafakari upya neno "umepotea" na nimeona ni neno sahihi, tena zuri. Suala la miguu lilikuwa jalada jingine, kama mlivyosema. "Mpaka mpaka" ni maneno yanayoeleweka, kila mtu kwa namna yake. Karakana yangu itabaki ilipo. Kuhusu tabia, nilisema kama mzazi, na wazazi hatuoni. Kitanda kile ni kikaidi, ni mzururaji, kinaweza kuwa popote. Cheti kichanwe, na mwenyekiti asisumbuliwe. Ombi la dada kupotea amelikataa mwenyewe, anasema hana nafasi.

Na ile kamati ya kutafuta, Mheshimiwa, naomba isiundwe. Kama imeundwa, isikae. Kama imekaa, itafute upande wetu huku, ambako hakipo. Nawapa idhini ya maandishi mkipoteze kitanda changu moja kwa moja, na hapa nasaini, kwa mara ya kwanza bila hofu.

Sisemi kwamba kimefika. Nasema tu kwamba dada yangu amelala, na ninaomba asiamshwe.